Gofu na Magofu: Uhakiki wa Istilahi za Kutambua na Kutengeneza Fimbo za Zamani

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Lindi kwa barabara kuu ya pwani hufika Nangurukuru, mahali ambapo njia ya Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko huchepuka kuelekea baharini. Hapo akimwuliza mwenyeji magofu yako wapi, atajibiwa pasipo kusita kwamba yako Kisiwani na Songo Mnara. Ashike njia ya Masoko, kisha apande mashua. Lakini akisema anatafuta fundi wa kumtengenezea fimbo ya gofu, huenda akatazamwa kwa mshangao. Katika nchi ya Kilwa gofu ni jengo lililobomoka likabaki kuta, na jengo halina fimbo.

Makala haya yanakusudia kuhakiki maneno ambayo hutumika, au huelekea kutumika, mtu anapotaka kueleza kwa Kiswahili kazi ya kutambua fimbo za zamani za mchezo wa gofu na kuzitengeneza ili zichezewe tena. Nangurukuru imechaguliwa kuwa mizani kwa sababu maalumu. Istilahi ya ufundi haipimwi na wale waliokwisha kuujua ufundi huo kwa Kiingereza, maana hao watalielewa neno lolote watakalopewa. Hupimwa na fundi mwenye tupa, randa na jiriwa, ambaye hajapata kuuona mchezo wenyewe, akapewa kazi na maelezo kwa Kiswahili peke yake. Akiifanya kazi sawasawa, istilahi ni njema. Akiiharibu, tusimlaumu fundi kabla ya kulitazama neno tulilomwambia.

1. Jina la mchezo na jina la chombo

Tuanze na gofu lenyewe. Neno hili limekuwa mawili yenye sauti moja. Gofu la kwanza ni la ngeli ya li-ya: gofu hili, magofu haya. Mtu aliyekonda kupita kiasi naye huitwa gofu la mtu. Gofu ya pili ni jina la mchezo na haina wingi: gofu hii, gofu inachezwa. Upatanisho wa kisarufi unatosha kuyatenga maneno haya, hivyo hapana haja ya kubuni jina jipya la mchezo. Kinachohitajiwa ni uangalifu wa waandishi. Anayeandika "viwanja vya magofu" akikusudia mahali pa kuchezea amewapeleka wasomaji wake Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14, badala ya kuwapeleka Lugalo.

Ama kuhusu chombo cha kupigia, wako waliopendekeza rungu, kwa kuwa lina kichwa upande mmoja. Hoja hiyo ina uzito wa umbo, lakini rungu kwa kawaida huchongwa kwa mti mmoja tangu kichwa hadi mkononi, na chombo chetu kimeunganishwa kwa vipande. Gongo limekwisha kuchukuliwa na mpira wa magongo. Kilabu ni chama cha watu au mahali pa pombe. Waandishi wetu wa michezo wameshika fimbo, kama walivyoshika mashimo kwa vituo vya uwanja na mikwaju kwa mapigo, na wananchi wamewaelewa. Neno lililokwisha kukaa kinywani mwa watu halifukuzwi kwa sababu ya umbo tu. Fimbo ya gofu na ibaki.

Hata hivyo uamuzi huo una gharama yake. Ikiwa fimbo ni jina la chombo kizima, basi kile kijiti kirefu kinachoshika kichwa, ambacho kwa sura ndicho fimbo hasa, lazima kipewe jina jingine. Jina hilo tunalo tangu zamani: ni mpini. Asemaye "fimbo imevunjika" ilhali kilichovunjika ni mpini amemficha fundi nusu ya habari.

2. Kosa la "mbao" na "vyuma"

Kwa Kiingereza fimbo hizi hugawanywa makundi mawili makubwa kwa mali ya kichwa: za mti na za chuma. Tafsiri ya haraka huyaita makundi hayo "mbao" na "vyuma". Hapa ndipo uharibifu mkubwa unapoanzia.

Kwanza, ubao ni mti uliopasuliwa kwa msumeno ukawa bapa. Kichwa cha fimbo huchongwa kikawa mviringo. Pili, mwaka 1979 kampuni ya TaylorMade ya Marekani ilianza kuuza fimbo ya mpigo mrefu yenye kichwa cha chuma mahali pa mti, na katika miaka iliyofuata vichwa vya mti vikatoweka karibu vyote katika mashindano makubwa. Afuataye tafsiri ile atalazimika kusema "mbao za chuma", maneno ambayo fundi wa Nangurukuru atayacheka, na atakuwa na haki.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, "fimbo ya chuma" haielezi ni chuma cha wapi. Mpaka miaka ya 1920 mipini ya fimbo nzuri ilikuwa ya mti uitwao hikori, utokao Amerika Kaskazini. Wasimamizi wa sheria za gofu wa Marekani waliiruhusu mipini ya chuma katikati ya miaka hiyo, na wale wa St Andrews, Uskoti, wakafuata mwaka 1929. Katika miaka ya 1930 mipini ya hikori ikaachwa upesi. Kwa hiyo fimbo yenye kichwa cha chuma yaweza kuwa na mpini wa mti, na fimbo yenye kichwa cha mti yaweza kuwa na mpini wa chuma.

Tukitaja sehemu zote mbili, jina lenyewe hutupa umri. Fimbo yenye kichwa cha mti na mpini wa mti, au kichwa cha chuma na mpini wa mti, kwa kawaida ni ya kabla ya katikati ya miaka ya 1930. Fimbo yenye kichwa cha mti na mpini wa chuma ni ya tangu miaka ya 1930 mpaka miaka ya 1980 hivi. Klabu ya gofu ya Nairobi iliundwa mwaka 1906. Walioianzisha hawakuwa na mpini mwingine wa maana ila wa mti. Basi istilahi iliyoundwa vizuri imekwisha kufanya nusu ya kazi ya kutambua, na istilahi mbovu imeizuia kazi hiyo hata kabla haijaanza.

Fundi aonywe jambo moja: baadhi ya mipini ya chuma ya miaka ya 1930 ilivikwa ganda la rangi ya mti ili isiwachukize waliozoea hikori. Jicho hudanganyika, sumaku haidanganyiki.

3. Sehemu za fimbo

Kiingereza kimeifananisha fimbo na mwili wa binadamu, na Kiswahili nacho hakioni haya kufanya hivyo: tunasema shingo ya chupa na jicho la sindano. Uso wa fimbo, yaani upande upigao mpira, ni neno safi. Shingo, pale kichwa kinapokutana na mpini, ni safi pia. Kisigino, upande ulio karibu na shingo, kinaeleweka. Upande wa chini ni unyayo. Lakini upande wa mbele usiitwe kidole, kwa kuwa kidole chetu ni cha mkono na cha mguu vilevile, na msikilizaji atapotea, uitwe ncha. Tunaazima sitiari inapofaa, tunaiacha inapotutatiza.

Ziko sehemu ambazo maneno yake yamelala katika lugha ya wahunzi na maseremala, na yanangoja kuamshwa tu. Jembe au kisu chenye msuka huuingiza msuka huo ndani ya mpini. Kichwa cha chuma cha fimbo ya gofu ni kinyume chake: chuma kina tundu shingoni, na mpini ndio uingiao ndani ya chuma, kisha hupitishiwa ribiti ili usichomoke. Fundi akiambiwa kwamba fimbo hii haina msuka bali ina tundu la shingo lenye ribiti, ataitafuta ribiti kabla ya kuvuta mpini, wala hataipasua shingo. Maneno machache yameokoa chombo.

Fimbo nyingi za kale za kichwa cha mti hazina tundu. Mpini na shingo vimechongwa kwa mshazari, vikalazwa pamoja kwa gundi, kisha vikafungwa kwa uzi uliotiwa lami. Waunda majahazi wa pwani hii hawahitaji kufundishwa kuunga mti kwa mshazari wala matumizi ya lami. Hapa istilahi yafaa itoke kwao: muungo wa mshazari na ufungaji wa uzi wa lami.

4. Kutambua, kubaini na kuainisha

Maneno haya matatu hutumiwa kama kwamba ni mamoja. Kutambua ni kukijua kitu ulichopata kukijua. Kubaini ni kufikia hakika kwa kufuata dalili. Kuainisha ni kukitia kitu katika kundi lake. Mkusanyaji wa fimbo za zamani hufanya yote matatu, lakini kazi iliyo ngumu ni ya pili, na ndiyo iandikwe kwa jina lake.

Dalili za kubainia ni nyingi. Uso laini usio na mistari huelekeza kwenye karne ya 19 au mwanzo wa karne ya 20. Nukta na mistari ilienea baadaye. Mifereji mipana na ya kina ilipigwa marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1920. Dalili iliyo bora kupita zote iko nyuma ya kichwa cha chuma. Tom Stewart, mhunzi wa St Andrews, aligonga alama ya kiko cha kuvutia tumbaku. William Gibson wa Kinghorn aligonga nyota. George Nicoll wa Leven aligonga mkono.

Alama hizi zimezoeleka kuitwa "chapa" kwa jumla, na hapo pana kasoro. Kwenye kichwa kimoja huweza kuwapo alama ya mhunzi aliyekifua chuma pamoja na jina la mwalimu wa gofu au la duka lililotia mpini na kuuza. Stewart aliwauzia wengi vichwa vyake, nao wakagonga majina yao. Tukiviita vyote chapa, tutadhani muuzaji ndiye mfuaji. Ninapendekeza alama ya mhunzi kwa ile ya kwanza na jina la muuzaji kwa hilo la pili.

Vivyo hivyo kuhusu majina ya fimbo. Zamani hazikuwa na namba. Zilikuwa na majina kama brasi, spuni, mashi na nibliki. Iko tabia ya kuandika kwamba mashi ni namba tano na nibliki ni namba tisa. Huko ni kukisia, maana kila mhunzi alikuwa na kipimo chake cha mlalo wa uso. Wala tusitafsiri spuni kuwa kijiko, au brasi kuwa shaba, eti kwa sababu ya asili ya majina hayo. Brasi ilipata jina kwa bamba la shaba lililopigiliwa unyayoni. Hilo lielezwe katika fasili, na jina libaki jina.

5. Kuhifadhi si kukarabati

Sasa twafika penye kiini cha makala haya. Kwa Kiingereza neno moja hutumika kwa kazi ya kulirudishia hali yake gofu la Kisiwani na kwa kazi ya kuirudisha fimbo uwanjani. Sisi tumelitafsiri mara kukarabati, mara kufufua, mara kusafisha, na pengine kung'arisha, kana kwamba fundi atajua mwenyewe ni lipi lililokusudiwa. Hajui. Atafanya lile aliloambiwa.

Mwambie fundi "kisafishe na kuking'arisha" kichwa chenye kutu, naye kwa uaminifu wake atachukua tupa na msasa, atakikwangua mpaka king'ae kama kisu kipya, na kile kiko cha Stewart kitakuwa kimeondoka pamoja na kutu. Chuma kimebaki, ushahidi umepotea, na hakuna gundi ya kuurudisha. Mwambie badala yake "ondoa kutu inayotoka, acha weusi wa chuma na alama zake", naye atatumia mafuta na pamba laini ya chuma, na kazi itakuwa salama. Hasara ile haikutokana na ujinga wa mtu. Ilitokana na kitenzi.

Kilwa inatufunza tofauti hii kwa macho. Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2014 yakatolewa humo. Kazi inayoyafaa magofu hayo ni kuhifadhi: kuzuia yasiharibike zaidi, kuziba nyufa kwa chokaa iliyo tabia moja na ukuta wa matumbawe, bila kujenga nyumba mpya na kuiita ya kale. Hakuna atakayehamia Husuni Kubwa.

Fimbo ya kuchezea haiwezi kuhifadhiwa kwa namna hiyo tu, kwa maana itapigwa mpira. Mpini wenye ufa utavunjika mkononi, na kichwa kilicholegea kitaruka na kumjeruhi mtu. Lazima uzi uliooza ufungwe upya, ngozi ya mshiko ibadilishwe, mpini uliopinda unyoshwe kwa joto la polepole na kulishwa mafuta ya kitani. Sehemu zichakaazo hubadilishwa ili chombo kitumike: huko ndiko kukarabati. Kwa hiyo fimbo ya kutundikwa ukutani huhifadhiwa, na fimbo ya kuchezewa hukarabatiwa. Na katika ukarabati wenyewe alama ya mhunzi huhifadhiwa. Aandikaye maelezo ya kazi hana budi kuchagua kitenzi kabla fundi hajachagua kifaa.

Mfano mmoja wa nyumbani utalithibitisha hilo. Mkulima ambaye mpini wa jembe lake umelegea hulitia jembe majini, mti ukavimba ukashika. Wachezaji wa zamani wa gofu walifanya vivyo hivyo kwa vichwa vilivyolegea. Kila mkulima ajua kwamba mti ukikauka hulegea tena. Tendo hilo tunaliita kukaza kwa muda, wala hatuliiti kutengeneza. Tofauti hiyo ya maneno ndiyo tunayoidai katika istilahi nzima.

6. Majina ya miti

Vichwa bora vya mti vya karne ya 20 vilichongwa kwa pasimoni, mti wa Marekani. Wataalamu wa mimea huutia katika jenasi moja na miti ile ambayo Waingereza huiita ebonia halisi, na kamusi zetu zimezoea kufasiri ebonia kuwa mpingo. Mtafsiri asiye mwangalifu aweza basi kuandika kwamba vichwa vya gofu ni vya "jamaa ya mpingo". Hilo ni kosa. Mpingo wa Kilwa, unaosifika ulimwenguni kwa zumari na klarineti, ni wa jamaa ya mimea ya kunde. Ni mzito hata huzama majini, nao ni mkavu. Fundi akisikia neno hilo atachonga mpini wa mpingo kuziba pengo la hikori, na mpini huo hautakuwa na mnyumbuko unaotakiwa. Hikori na pasimoni yabaki majina ya kigeni yaliyovikwa sauti zetu, kwa kuwa miti yenyewe ni ya kigeni.

Kinyume chake, tusikimbilie neno geni penye neno letu. Sandarusi ya pwani hii, na ya Kilwa miongoni mwake, ilisafirishwa katika karne ya 19 hadi Salem, Marekani, kutengenezewa vanishi. Vanishi iliyotokana na utomvu huo yafaa iitwe vanishi ya sandarusi. Wahenga walitwambia tusiache mbachao kwa msala upitao.

7. Mapendekezo

Kwa muhtasari, ninaweka mbele ya Baraza na wasomaji maneno yafuatayo ili yajadiliwe:

Fimbo ya gofu: chombo kizima cha kupigia mpira.
Mpini: sehemu ndefu kati ya mshiko na shingo, utajwe daima pamoja na mali yake, wa mti au wa chuma.
Mshiko: sehemu iliyoviringishwa ngozi, ishikwayo mkononi.
Tundu la shingo: uwazi wa kichwa cha chuma upokeao mpini.
Muungo wa mshazari: kiungo cha kichwa cha mti na mpini kisicho na tundu.
Mlalo wa uso: kiasi cha uso kulala nyuma ili kuuinua mpira.
Alama ya mhunzi: mchoro uliogongwa na aliyefua kichwa.
Kuhifadhi: kuzuia uharibifu bila kubadilisha sehemu.
Kukarabati: kubadilisha sehemu zilizochakaa ili fimbo ichezewe.

Neno la kale lisitumike kwa fimbo ya mwaka 1925. Tuliachie majengo ya karne ya 14. Kuukuu nalo hubeba maana ya kuchakaa, na fimbo iliyokarabatiwa haijachakaa. Zamani latosha.

Huenda akatokea wa kuuliza: wangapi watahitaji istilahi za mchezo wa wachache? Jibu ni kwamba mwenye fimbo huenda ni mmoja, lakini mpini, shingo, ribiti, alama na ukarabati ni vya kila fundi wa kila kijiji, na kitenzi kilichoifuta alama ya mhunzi wa St Andrews ndicho kitakachofuta nakshi ya mlango wa Kilwa Kivinje siku mwenyewe atakapomwambia seremala ausafishe.